Batli ya seva: zamu ya mafaili na viungo vyake

Batli (pia: kumbukumbu za seva, rekodi za seva) ni faili ambamo programu ya seva ya tovuti huandika, mstari mmoja kwa kila tukio, habari za kazi iliyoifanya. Makala hii inaeleza maana ya neno hilo, namna mafaili ya batli yanavyopokezana zamu, aina za viungo vinavyotumika katika kazi hiyo, na makosa ambayo wafasiri na walimu hukutana nayo mara kwa mara wanapoandika juu yake kwa Kiswahili.

1. Maana

Kila kivinjari kinapoomba ukurasa, seva hujibu na kisha kuandika. Katika batli ya maombi, mstari wa kawaida huwa na anwani ya IP ya mwombaji, tarehe na saa, ombi lenyewe, namba ya jibu, na ukubwa wa jibu kwa baiti. Namba 200 ina maana kwamba ukurasa umetolewa. 404 ina maana kwamba haukupatikana. Kando yake ipo batli ya makosa, ambayo huandika yale yaliyoshindikana ndani ya seva yenyewe. Katika mfumo wa Debian, batli hizi hukaa kwenye saraka ya /var/log, kila programu na kijisaraka chake: Apache hutumia apache2, na nginx hutumia nginx.

Mfano: "Mwalimu wa kompyuta wa Miembeni alifungua batli ya maombi akaona kwamba ukurasa wa matokeo uliombwa mara 900 kabla ya saa nne asubuhi."

2. Uchaguzi wa neno

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayogombea nafasi hii, na kila moja lina mzigo wake.

Kumbukumbu ndilo linalosikika zaidi. Udhaifu wake ni kwamba katika lugha ya kompyuta neno hilohilo hutumika kwa sehemu ya mashine inayoshikilia data wakati programu zinafanya kazi. Sentensi "kumbukumbu ya seva imejaa" ina maana mbili, na tiba zake ni mbili tofauti kabisa: katika maana ya kwanza huongezwa kifaa, katika ya pili hupunguzwa mafaili. Nchini Kenya neno hilo lina maana ya tatu, kwa kuwa wanafunzi wa sekondari hufundishwa kuandika "kumbukumbu za mkutano", yaani kile ambacho Watanzania wengi hukiita muhtasari. Anayelichagua neno hili hana budi kulitumia pamoja na kijalizo: kumbukumbu za maombi, kumbukumbu za makosa.

Daftari ni neno zuri kwa kitu kinachojazwa kwa mkono. Methali husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo lina matumizi ya kisheria yanayostahili kuachiwa nafasi yake. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wenye vibanda vya intaneti kuweka daftari la watumiaji na kulihifadhi kwa miezi 12. Daftari hilo huandikwa na mtu, mteja akiwa amesimama mbele yake. Batli huandikwa na mashine, bila mteja kujua. Mfasiri akiviita vyote viwili daftari, msomaji hatajua ni kipi kinachodaiwa.

Batli ni neno la bahari: kamusi hulieleza kuwa ni kitabu cha kumbukumbu za safari ya chombo. Faida yake ni tatu. Ni neno moja, halina maana nyingine katika kompyuta, na historia yake inalingana na ya neno la Kiingereza lenyewe, ambalo nalo lilitoka kwenye gogo lililotupwa majini ili kupima mwendo wa meli, likahamia kwenye kitabu cha vipimo hivyo, na hatimaye kwenye kompyuta. Udhaifu wake ni kwamba wasomaji wa bara hawalifahamu sana. Kwa hiyo hufaa lielezwe mara ya kwanza linapotokea. Katika makala hii linatumika katika ngeli ya i-/zi-.

Umuhimu wa maandishi ya namna hii unaeleweka vema mkoani Kagera. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo, orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Kwa sababu hiyo idadi ya waliopotea imebaki kuwa makadirio hadi leo. Orodha ya abiria si batli, na seva si meli, lakini kanuni ni moja: kisichoandikwa kwa wakati wake hakiwezi kuandikwa baadaye.

3. Zamu ya mafaili

Batli isiyodhibitiwa hukua bila kikomo. Seva inayopokea maombi 50,000 kwa siku, kila mstari ukiwa na baiti 200, huandika baiti milioni 10 kwa siku, na takriban bilioni 3.65 kwa mwaka. Diski ikijaa, si batli peke yake inayosimama. Hifadhidata haiwezi kuandika, barua pepe haziingii, na fomu ya mwanafunzi anayeomba nafasi hurudi na ujumbe wa kosa asioweza kuufahamu.

Dawa yake ni kufunga faili la zamani kwa vipindi maalumu, kufungua jipya, na kuyaondoa yaliyopitwa na wakati. Wengi hulitafsiri tendo hili kwa kitenzi zungusha, wakifuata sura ya neno la Kiingereza. Lakini "kuzungusha faili" hakumpi msomaji picha yoyote. Kinachozunguka ni majukumu. Kiswahili tayari kina usemi wa jambo hili: kupokezana zamu. Mlinzi wa usiku humwachia lindo mlinzi wa mchana. Faili la jana huliachia nafasi faili la leo. Kwa hiyo inapendekezwa kusema zamu ya mafaili kwa nomino, na kupokeza zamu kwa kitenzi. Neno mzunguko libaki kwa hali moja tu, ambapo majina machache yasiyobadilika hutumiwa tena na tena, jipya likiandikwa juu ya la zamani zaidi.

Katika mifumo mingi ya Linux kazi hii hufanywa na programu iitwayo logrotate. Mpangilio wake wa kawaida katika Debian kwa ajili ya Apache na nginx huagiza zamu ya kila siku na kutunza mafaili 14 ya zamani. Faili lililo hai huitwa access.log, la jana hupewa jina access.log.1, la juzi hubanwa na kuitwa access.log.2.gz, na hivyo hivyo, kila moja likisogea hatua moja, hadi la kumi na nne ambalo siku inayofuata huondolewa.

Kwa msomaji wa Bukoba au Muleba mfano ulio karibu ni wa kibanja cha migomba. Mkulima mwangalifu huacha katika shina moja mama, mtoto na mjukuu. Mama akishatoa mkungu hukatwa, mtoto hushika nafasi yake, na chipukizi jipya huruhusiwa kuota. Akiyaacha machipukizi yote, shina hujisonga. Akiyakata yote, msimu ujao hana kitu. Kibanja hicho kinaonyesha pia mtego mmoja wa tafsiri. Namba inayoandikwa kwenye agizo la rotate huhesabu mafaili ya zamani tu. Anayetaka vizazi vitatu kwa jumla, yaani cha leo, cha jana na cha juzi, huandika 2, siyo 3.

4. Faili lililoshikwa

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, na hapa ndipo uteuzi wa vitenzi una uzito wa kweli.

Jina la faili na faili lenyewe ni vitu viwili. Katika Linux na mifumo ya jamii yake, yaliyomo hutambuliwa kwa rekodi iitwayo inodi. Jina ni lebo tu iliyomo kwenye saraka, inayoielekea inodi hiyo. Seva inapofungua batli hushika inodi, siyo jina. Faili likibadilishwa jina wakati seva inaendelea kufanya kazi, seva haina habari: huendelea kuandika kwenye faili lilelile, ambalo sasa linaitwa la jana. Ni sawa na karani anayeendelea kujaza daftari lililokwisha kubandikwa lebo ya mwaka uliopita.

Kwa hiyo baada ya kubadili majina, seva lazima iarifiwe ifungue faili upya. Kwa nginx hutumwa ishara iitwayo USR1 kwa mchakato mkuu, nao hufungua batli mpya mara moja. Kwa Apache hutumika kuwashwa upya kwa upole: michakato iliyokuwa ikihudumia wateja huachwa imalize kazi yake, na katika muda huo huendelea kuandika kwenye faili la zamani. Ndiyo maana mwongozo wa Apache huelekeza kusubiri kabla ya kulibana faili hilo. Mfano uliomo humo husubiri sekunde 600. Kwa sababu hiyohiyo logrotate ina agizo la delaycompress, linaloahirisha kubana hadi zamu inayofuata.

Ipo njia nyingine, ya kunakili yaliyomo kwenye faili jipya kisha kulifanya tupu lile la awali. Agizo lake ni copytruncate. Seva haihitaji kuarifiwa, lakini kuna upenyo mdogo wa muda kati ya kunakili na kufanya tupu, na mistari inayoandikwa katika upenyo huo inaweza kupotea. Mwongozo wa logrotate wenyewe unasema hivyo.

Vitenzi vitatu vitofautishwe:

Kuondoa faili ni kuliondoa jina lake kwenye saraka. Ikiwa mchakato bado umelishika, nafasi ya diski hairudi mpaka mchakato huo uliachie. Wengi wameshangaa kuona diski imejaa ingawa wamekwisha kuondoa faili kubwa. Hii ndiyo sababu.

Kufanya faili tupu ni kuyaondoa yaliyomo huku jina na inodi vikibaki. Nafasi hurudi papo hapo.

Kufuta ni neno la jumla linaloweza kubeba maana zote mbili. Katika maelekezo ya kiufundi liepukwe. Fundi aliyeandikiwa "futa batli" anaweza kuliondoa faili ilhali mwandishi alikusudia lifanywe tupu, na kosa hilo huonekana saa kadhaa baadaye, wakati diski inakataa kuandikwa.

5. Viungo

Kiungo ni neno lenye kazi nyingi. Ni goti na kiwiko katika mwili, ni mdalasini na iliki katika pilau, ni mchezaji wa katikati uwanjani, na ni maandishi yanayobonyezwa kwenye ukurasa wa tovuti. Katika mfumo wa mafaili lina maana mbili zaidi, nazo zisichanganywe.

Kiungo elekezi ni faili dogo ambalo ndani yake mna njia ya kufikia faili jingine. Likifunguliwa, mfumo husoma njia hiyo na kwenda inakoelekeza. Linaweza kuelekeza kwenye diski nyingine, na linaweza pia kuelekeza pasipo na kitu, kama kibao cha barabarani kinachoonyesha kijiji kilichohama. Baadhi ya waandishi huliita kiungo cha ishara. Istilahi hiyo haifai katika mada hii, kwa sababu ishara ni neno linalohitajika kwa kile kinachotumwa kwa mchakato, kama USR1 iliyotajwa hapo juu. Maandishi yanayosema "tuma ishara" na "tengeneza kiungo cha ishara" katika aya moja humchosha msomaji bila sababu.

Kiungo halisi ni jina la pili la inodi ileile. Hakuna asili na nakala. Majina yote mawili yana haki sawa. Likiondolewa moja, yaliyomo hubaki kwa jina la pili. Haliwezi kuvuka kutoka mfumo mmoja wa mafaili kwenda mwingine. Tafsiri ya "kiungo kigumu" inayoonekana hapa na pale ipishwe, kwa kuwa kigumu kwa Kiswahili ni kisichokunjika au kilicho na taabu, na kiungo hiki hakina lolote kati ya hayo.

Viungo huingia katika zamu ya batli kwa sababu ya majina. Apache huja na programu ndogo iitwayo rotatelogs, ambayo hupokea mistari ya batli na kuigawa kwenye mafaili yenye tarehe katika majina yao. Hilo huleta shida: anayetaka kuitazama batli inavyoandikwa hajui leo jina ni lipi. Chaguo la -L huitatua. Kila zamu inapobadilika, programu hutengeneza kiungo halisi chenye jina lisilobadilika kuelekea faili jipya. Mtazamaji hutumia amri ya tail pamoja na -F kwa herufi kubwa, ambayo hufuata jina. -f kwa herufi ndogo hufuata faili lililofunguliwa mwanzo, na zamu ikibadilika hubaki ikitazama faili la jana. Mwalimu anayeandika amri hii ubaoni ahakikishe kwamba ukubwa wa herufi unaonekana.

Viungo elekezi vina hatari yake. Oktoba 2016 Debian ilitoa marekebisho ya kasoro iliyopewa namba CVE-2016-1247. Kifurushi chake cha nginx kilikuwa kimempa mtumiaji wa seva umiliki wa saraka ya batli. Mtu aliyekwisha kuingia kwa haki ndogo za mtumiaji huyo aliweza kuiondoa batli ya makosa na kuweka mahali pake kiungo elekezi kuelekea faili nyeti la mfumo. Zamu ilipofika, mchakato mkuu wenye mamlaka yote ulifungua batli upya, ukafuata kiungo, ukaandika mahali ambapo haukupaswa kugusa. Mvamizi hakuhitaji kuvunja mlango, alisubiri zamu. Tangu hapo fundisho limekuwa wazi: saraka ya batli imilikiwe na mtumiaji mkuu, na anayeandika ndani yake asiwe na uwezo wa kubadilisha majina yaliyomo. Programu ya logrotate nayo hukataa kufanya kazi katika saraka yenye ruhusa legevu mpaka ielezwe wazi, kwa agizo la su, ifanye hivyo kwa jina la nani.

6. Saa

Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC. Bila maelekezo mengine, rotatelogs hupiga hesabu ya vipindi vyake kwa UTC. Zamu ya sekunde 86,400, yaani siku moja, hubadilika saa sita usiku ya UTC, ambayo Bukoba ni saa tisa usiku. Matokeo yake, faili lenye jina la tarehe 10 huwa na matukio kuanzia saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 10 hadi saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 11. Anayetafuta tukio la saa saba usiku wa kuamkia tarehe 10 atalikosa humo. Limo katika faili la tarehe 9. Chaguo la -l hulazimisha matumizi ya saa za mahali. Mwongozo wa Apache hutahadharisha kwamba chaguo hilo halitabiriki katika nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kwa msimu. Tanzania haifanyi hivyo, na tahadhari hiyo haiigusi.

Kwa mfasiri kuna hesabu ya pili. Saa ya batli huandikwa kwa mtindo wa 00:00 hadi 23:59, na msomaji wa Kiswahili huisoma kwa kuanzia alfajiri na magharibi. Saa 03:00 ni saa tisa usiku. 07:00 ni saa moja asubuhi. 19:00 ni saa moja jioni. Katika nukuu ya batli tarakimu ziachwe kama zilivyo. Katika maelezo ziandikwe kwa maneno, na neno la wakati wa siku lisiachwe kamwe. "Saa tatu" peke yake inaweza kuwa 03:00 kwa aliyezoea mashine, 09:00 kwa mkulima, na 21:00 kwa mlinzi.

7. Muda wa kuhifadhi

Idadi ya mafaili yanayotunzwa haiamuliwi na ukubwa wa diski peke yake. Anwani ya IP pamoja na saa inaweza kumtambulisha mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zisitunzwe zaidi ya muda unaohitajika kwa lengo lake. Batli ya siku 14 inaweza kuwa fupi mno kwa anayechunguza wizi uliogunduliwa baada ya mwezi. Batli ya miaka 5 ni mzigo kwa wenye tovuti na hatari kwa waliyoitembelea. Anayeandika mwongozo wa taasisi ataje muda huo kwa tarakimu na sababu yake kwa maneno. Kauli kama "batli zitahifadhiwa ipasavyo" haimfungi mtu yeyote.

8. Mifano ya matumizi

Epuka: "Zungusha kumbukumbu kila usiku." Pendelea: "Pokeza zamu ya batli kila siku saa sita usiku."

Epuka: "Futa faili kubwa ili kupata nafasi." Pendelea: "Lifanye faili tupu, usiliondoe wakati seva bado imelishika."

Epuka: "Weka kiungo kwenye batli ya leo." Pendelea: "Tengeneza kiungo halisi chenye jina lisilobadilika kuelekea batli ya leo."

Epuka: "Seva ilisimama saa tatu." Pendelea: "Seva ya Muleba ilisimama saa tatu usiku, katika batli saa hiyo imeandikwa 21:00."

Tazama pia: daftari, faili, inodi, ishara, kiungo, kumbukumbu, saraka, seva, zamu.